Bikari ya Donne Mbele ya Wahakiki Wawili

Katika ushairi wa Kiingereza, sijui mshairi aliyepimwa kwa mizani zinazotofautiana kama John Donne, aliyefariki mwaka 1631. Katika shairi lake la kuagana, wapenzi wawili wanalinganishwa na miguu ya bikari, kile kifaa cha kuchorea duara: mguu wa katikati hauondoki mahali pake, ila huinama kuuelekea mwenzake unaozunguka mbali, kisha husimama wima unaporejea. Mhakiki Samuel Johnson, katika wasifu wa mshairi Abraham Cowley uliotoka mwaka 1779, aliutaja mfano huo huku akijiuliza kama kilichozidi humo ni upuuzi au werevu; naye T. S. Eliot, mshairi na mhakiki, mwaka 1921 akawatetea Donne na washairi wenzake wa zama hizo kwa hoja kwamba kwao fikra na hisia hazikutengana. Mimi niko upande wa Eliot, ingawa namheshimu Johnson kwa kuukabili mshangao wake bila kuuficha (wengi wanaomsifu Donne leo huuruka). Kinachonivuta ni kule kuinama: kifaa cha hesabu, kigumu na baridi, kinafanya tendo la mtu anayemtamani aliye mbali, na mhakiki asiyelitazama tendo hilo hajalisoma shairi bado.