Nimempata mtu kwenye benchi la presha, nikiwa na miaka 58

Jamani hii naandika huku najua wanangu wanasoma, ila wakisoma wasome, si wao ndo walinifundisha kutumia simu.

Anayenijua anajua nilifiwa na mume wangu miaka tisa iliyopita na mlango huo nikaupiga kufuli. Sio kwa uchungu, uchungu ulipungua wenyewe taratibu, ni mazoea tu yaani. Nalala katikati ya kitanda, nakula nikisikia njaa, nikinuna nanuna peke yangu hamna wa kuniuliza nina nini. Sasa siku hiyo nimekaa kwenye benchi nasubiri kupimwa presha, pembeni yangu kuna mzee anasoma karatasi yake kainyoosha mbaali, mkono unakaribia kumgusa mgongoni mtu wa mbele. Nikacheka. Akanigeukia, "cheka tu bibie, na wewe yako mbona umeishika kule kule." Kweli bana, miwani nilikuwa nimeisahau nyumbani.

Tukapiga stori mpaka tukapitwa na zamu zetu. Akanitajia namba yake nikaandika, nikamwambia jioni nitakutumia salamu ili na wewe upate yangu. Jioni nikatuma. Kimya. Kesho yake tena, kimya. Wiki tatu! Na mi kwa umri huu aibu zimeshaniisha, nilituma kama meseji tano na ya mwisho nikaweka na kijembe, hapo ndo nikajibiwa: "Mama samahani umekosea namba, ila huyo baba ukimpata mwambie ana bahati." Kumbe penye 8 niliandika 3. Nilitamani ardhi ipasuke.

Tarehe yangu ya presha ilipofika namkuta pale pale benchini. Nikajua ni siku yake. Baadae sana ndo akakiri kwamba alikuwa keshakuja mara mbili na sio zamu yake, anawadanganya wauguzi eti anasikia kizunguzungu.

Nilipokuwa na miaka 22 mtu ananichumbia miezi sita sijui hata kama ana deni. Huyu siku ya pili tu tunaongea kanimwagia yote: mgane, watoto wanne, mmoja hawaongei vizuri, sukari anayo, anakoroma, na hawezi kulala bila redio. Nikamwambia na mimi zangu, goti, hasira za asubuhi, na kwamba picha ya marehemu haitoki ukutani. Akasema kwani nani kakwambia itoke. Kuna profesa wa Stanford, Laura Carstensen, amechunguza haya mambo miaka mingi, anasema mtu akiona muda uliobaki mbele yake ni mfupi anaacha kuhangaika na watu wengi anabaki na wale wachache wanaomgusa moyo, na sio wazee tu, hata kijana mwenye ugonjwa wa kumaliza maisha anafanya hivyo hivyo. Mi nilidhani nimekuwa mvivu tu wa kuzungushana.

Kazi ilikuwa watoto. Wa kiume akanuna, "mama, kwa umri huo?" Nikamuuliza Mzee Mandela alimuoa Graça Machel lini, akanyamaza, nikamwambia 18 Julai 1998, siku anatimiza miaka 80 kamili, na bibi harusi ana 52, kwa hiyo mimi bado nina nafasi ya kuchelewa zaidi ya hapa. Wa kike yeye hakununa, alimkalisha mzee wa watu akamhoji kama anaomba kazi: unaishi wapi, na nani, nyumba ya nani. Mzee akajibu yote kwa heshima akamalizia, "mwanangu, mali ya mama yako ni yenu, mimi nimekuja na redio yangu." Tulicheka, ila nikaona bega la binti yangu limeshuka. Nikagundua hofu yao haikuwa mapenzi, ilikuwa nyumba ya baba yao, na pia kwamba baba yao asisahaulike. Basi kila mmoja wetu kaandika wosia wake kabla hatujaandikisha ndoa, watoto wa pande zote wanajua kilichomo, na sijasikia tena maneno ya umri.

Ila hiyo redio sasa! Inaongea usiku kucha, taarifa ya habari, matangazo ya vifo, mpira wa nchi ambazo hata hajui zilipo. Wiki ya kwanza nilidhani nitarudi kwenye kitanda changu. Nikaja kugundua akidhani nimeshalala ananyoosha mkono gizani, anaipunguza pole pole mpaka inabaki kama mtu ananong'ona chumba cha pili, halafu ananivuta shuka begani. Kwa hiyo siku hizi nafumba macho mapema, nakoroma kidogo na kauongo, nasubiri.