Nilivyoilinda pua yangu baada ya upasuaji wa kordoma

Uvimbe wangu ulijitokeza kupitia jicho. Nikitazama kushoto, matatu moja pale Kondele, Kisumu, niliiona kama magari mawili. Picha ya MRI ilionyesha kordoma, uvimbe unaoota kwenye mfupa wa sakafu ya fuvu, mbele ya shina la ubongo, na ulikuwa umebana mshipa wa fahamu unaogeuza jicho nje. Kwa mwaka humpata takriban mtu 1 katika kila milioni 1.

Nilijiandaa kupasuliwa kichwa. Madaktari Nairobi wakapitia puani: kamera nyembamba na vyombo vyao kwenye matundu ya pua, wakachonga mfupa, wakautoa uvimbe kipande kwa kipande. Pengo waliliziba kwa utando wa ndani ya pua yangu mwenyewe, ukiwa bado na mshipa wake wa damu. Mbinu hiyo ilichapishwa mwaka 2006 na madaktari wa Argentina na wenzao, nami nawashukuru kila siku.

Kazi yenyewe iliningoja nyumbani Kisumu. Kiraka kile kikiachia, maji ya ubongo huvuja puani na vijidudu hupata njia ya kupanda. Kwa hiyo kwa wiki kadhaa sikupenga kamasi hata kidogo. Chafya ikija, mdomo wazi. Sikuinama kufagia wala kuinua mtungi. Wifi yangu alihamia kwangu akashika kila kitu. Sukuma wiki, papai na maji mengi vilikuwa vya lazima, kwa sababu kujikamua chooni nako kunasukuma presha kichwani. Cherehani niliifunika kabisa, maana mshonaji huishi ameinamisha shingo.

Daktari aliporuhusu kusafisha pua, nilitumia maji yaliyochemshwa na kupozwa, na chumvi kwa kipimo nilichopewa. Ya bomba au ya ziwa, hata yakionekana safi, yanaweza kuwa na vimelea vinavyofika ubongoni kupitia puani. Hapo sikuhitaji kubembelezwa na mtu yeyote.

Usiku mmoja niliinuka kitandani, maji yasiyo na rangi yakadondoka kwenye leso, tone kwa tone, mepesi, yana chumvi. Ndiyo dalili niliyoonywa. Wifi akasema, "Wifi, usilale tena, vaa twende." Tulibeba yale maji kwenye kichupa safi. Yalipimwa, nikachunguzwa kwa kamera. Kumbe ni maji ya kusafishia yaliyokuwa yamebaki kwenye mapango ya pua. Bado ningekimbia tena usiku uleule. Homa na shingo kukakamaa havisubiri asubuhi.

Baadaye nilipigwa mionzi, kwa kuwa kordoma huacha mabaki yasiyoonekana na hupenda kurudi. Jicho limenyooka polepole, na MRI nitaendelea kupigwa kwa miaka. Ukielekea huko, kabla hujaruhusiwa kutoka wodini omba namba ya simu ya daktari atakayekupokea usiku, na umtajie mwenzako wa nyumbani pia.