Amesemaje?

Juzi umeme ulikatika saa mbili usiku, Zaituni akaendelea kusoma kwa tochi ya simu yangu. Mwaka huu ana mtihani wa darasa la saba, kwa hiyo nyumba nzima ina mtihani. Akafika kwenye orodha ya maporomoko: Murchison, Sezibwa, Bujagali.

“Baba, hili la Bujagali si liko karibu na kwa bibi? Mbona hujawahi kutupeleka?”

Nikajifanya nasikiliza jenereta ya jirani.

Kiswahili changu ni cha kambi ya jeshi ya Jinja, Uganda, nimerithi kwa marehemu mzee pamoja na koti lake la mvua. Mwaka 2006 kilinipatia kibarua cha siku tatu. Kampuni ya kwanza iliyotaka kujenga bwawa la umeme pale Bujagali ilishafunga virago 2003. Sasa imekuja nyingine, nayo ina watu wake wa kuwauliza wanakijiji maoni. Mmoja wao alikuwa dada Mtanzania, mpole, Kiswahili chake kama maji ya mtungini. Kisoga, lugha ya kwetu, hajui. Wakalimani wa Kiingereza walikuwa wameisha vijiji vingine, nikachukuliwa mimi.

Siku mbili za kwanza zilikuwa za mashamba: migomba mingapi, kahawa, makaburi yako wapi, fidia lini. Siku ya tatu tukakaa chini ya mwembe, juu kidogo ya mto. Maporomoko yalikuwa yananguruma hapo chini, na vijana waliokuwa wakijirusha majini wamekumbatia dumu la njano ili watalii wawape hela walikuwa wamepanda kuja kusikiliza. Pale watu walizoea kuongea kwa kupaza sauti, hata wakisengenya.

Nilipofungua mdomo kwa Kiswahili, wazee wakaegemea nyuma. Kwetu lugha hii wengi waliisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, imetanguliwa na bunduki. Dada wa watu akadhani wamechoka, akaagiza soda zigawiwe.

Akaeleza kwamba kampuni inaheshimu mila. Inajua maporomoko ni makazi ya mzimu Budhagaali, na iko tayari kugharamia shughuli ya kumhamisha. Nikaliweka “kumhamisha” kwa Kisoga, na papo hapo nikasikia linavyokaa vibaya, kama vile nazungumzia mpangaji.

Mzee mmoja wa kanzu na koti akasimama. Soda yake hakuifungua. Aliiinamia, akaiweka chini taratibu kando ya mguu wa kiti, akaisukuma mbele kidogo kwa fimbo. Halafu akaniangalia mimi, siyo mgeni.

“Huyo mnayetaka kumhamisha, mmemuuliza mwenyewe? Kama alikubali, mleteni aseme. Kama hajakubali, mnatuuliza sisi kwa nini? Tangu lini mgeni akamhamisha mwenye nyumba, kisha akawauliza wapangaji kama wameridhika?”

Watu wakacheka, kisha wakanyamaza. Nasikia maji tu. Yule dada kalamu iko juu ya daftari.

“Amesemaje?”

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Posho ya siku ya tatu ilikuwa haijatoka. Lakini nisisingizie posho; niliona aibu, nikaona maneno yale ni makali mno kumpa mtu mpole kama yule.

“Mzee anaomba,” nikasema, “taratibu za kimila zifuatwe.”

Akaandika. Nyuma kabisa, askari mmoja mstaafu, rafiki ya baba, akakohoa kile kikohozi cha mtu asiye na kifua. Yeye Kiswahili alikuwa anakijua.

Mengine yalikwenda haraka. Matambiko yakafanyika, watu wakabishana nani hasa ni kiti cha Budhagaali, yaani yule ambaye mzimu humpanda, na nani amejikalisha tu. Ujenzi ukaanza 2007, bwawa likazinduliwa Oktoba 2012, megawati 250, na maporomoko yakabaki chini ya maji yaliyotulia. Sisemi bwawa ni baya. Friji ya mama inagandisha vizuri. Na pengine ningetafsiri neno kwa neno, dada angeandika neno kwa neno, na zege lingemwagwa vilevile. Au pengine sivyo. Hilo ndilo linalonisumbua umeme unapokatika.

Mwaka juzi nilipita kijijini. Mto hauna kelele tena, ila niliokutana nao bado wanaongea kwa sauti kubwa, kama watu waliobaki kwenye chumba baada ya redio kuzimwa.

Yote haya sikumwambia Zaituni. Nilimwambia tu kwamba poromoko lilifunikwa na bwawa, maji yakapanda. Akatafuna kalamu.

“Sasa kwenye mtihani niandike lipo, au lilikuwepo?”

“Kamuulize mwalimu,” nikamwambia.