Tundu la pua linalotaka kujiziba

Binti yetu alizaliwa na uzito mzuri, akalia kwa nguvu, lakini alipotulia na kufumba mdomo tu, midomo yake ikaanza kugeuka bluu. Akilia, rangi inarudi. Akinyamaza au akiwekwa ziwani, anabanwa pumzi tena, kwa sababu mtoto mchanga hutegemea pua kupumua. Muuguzi alijaribu kupitisha mpira mwembamba puani, ukagota sentimita tatu hivi ndani, kulia na kushoto. Kipimo cha CT kilionyesha kwamba njia zote mbili zilikuwa zimezibwa nyuma kwa mfupa na utando.

Hali hii madaktari huiita atresia ya koana, yaani kuzibika kwa matundu ya nyuma ya pua. Humpata mtoto mmoja kati ya 5,000 hadi 8,000 hivi, wasichana zaidi kuliko wavulana, na mara nyingi huwa upande mmoja tu, ndiyo maana wengine hugundulika wakubwa, baada ya miaka ya kutokwa kamasi zito upande mmoja.

Nilidhani kazi ni kutoboa. Daktari bingwa wa masikio, pua na koo alinieleza kwa subira kwamba kutoboa ndiyo sehemu nyepesi, na kwamba shida ni jinsi mwili unavyolipokea tundu jipya. Mfupa ulioachwa wazi huota nyama nyekundu laini, nyama hiyo hugeuka kovu, na kovu likizunguka tundu zima hunywea na kulifunga tena. Kwa hiyo, akipitia puani kwa kamera ndogo, alipunguza pia sehemu ya nyuma ya mfupa unaotenganisha pua, kisha akaulaza utando uliosalia juu ya mfupa huo ili usibaki mtupu.

Aliwekewa vijirija viwili vya kushikilia njia. Madaktari wengi siku hizi huviepuka au huviacha kwa muda mfupi, nami nimeona sababu yake: vinagusa utando saa zote, na vikibana ukingo wa pua huleta kidonda. Wetu alipata kidonda chini ya tundu la kulia, chekundu, kidogo kama punje ya mtama. Usiku kucha tulidondosha maji ya chumvi na kufyonza kamasi, maana vinyweleo vinavyosukuma kamasi kuelekea kooni huchukua wiki nyingi kuota upya katika utando uliojeruhiwa, na kamasi likikauka ndani ya kijirija huziba njia yote.

Vijirija vilitolewa, na baada ya miezi miwili upande wa kulia ukaanza kusinyaa. Akarudishwa chumba cha upasuaji kupanuliwa. Naomba mzazi mwenye mtoto kama huyu asikuone huko kurudi kuwa ni kushindwa kwa daktari wala uzembe wake mwenyewe.

Jana alilala amefumba mdomo. Nilimwekea kijiko baridi chini ya pua, kikafanya ukungu mara mbili, doa la kulia likiwa dogo kidogo kuliko la kushoto.