Ua la Kilimanjaro na mchunga wa mama

Jana baada ya magharibi nilikuwa jikoni nachambua mboga ya mchunga, simu ikalia. Mdogo wangu, anayebebea wageni mizigo Kilimanjaro, kanitumia picha kutoka kambi ya Horombo, mita 3,720. "Shikamoo dada. Ua gani hili? Wageni wananiuliza."

Mimi mtu wa Pemba, kisiwa kisicho na kilima cha kufika hata mita 150, nikajibu upesi: waridi la mwitu. Sasa naona haya.

Maana nilipoikuza picha, zile nilizodhani petali, nyeupe zenye wekundu kwa mbali, zilikuwa kavu na zinang'aa kama ganda la kitunguu. Petali gani hizo? Kwenye sinia mlikuwa na mchunga uliokwishatoa maua. Nikalipasua moja kwa ukucha. Utomvu mweupe ukaniganda kidoleni, na ndani halikuwa ua moja: vijiua chungu nzima vya manjano, kila kimoja na ulimi wake bapa. Nikatoka uani na tochi kutafuta kishona nguo, kile kinachotunasa kwenye kanga. Chenyewe katikati kina vijiua kama mirija, pembeni ndimi chache nyeupe. Alizeti nayo ndivyo ilivyo. Wote ukoo mmoja, Asteraceae.

Nikarudi kwenye picha. Katikati mirija ya manjano, ndimi hakuna hata moja. Yale "maganda ya kitunguu" ni vijani vikavu vinavyokizunguka kichwa cha ua. Hapo nikamkamata: Helichrysum, jamaa wa ukoo huohuo. Ndiyo maana maua haya hata yakichumwa hayanyauki. Yamekauka yangali hai.

Kwa rangi ile na mlima ule, nikamwandikia Helichrysum meyeri-johannis. Limepewa jina la Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kilele cha Kibo mwaka 1889. (Yeye kaachiwa ua, mdogo wangu kaachiwa mabegi.)

Mama, aliyekuwa kimya muda wote kwenye mbuzi anakuna nazi, akauliza, "Ua lisilonyauka? Mwambie aniletee moja niweke sebuleni."

"Hairuhusiwi, mama. Ile hifadhi ya taifa, hachumi mtu."

Akalitazama sinia, mashina nusu na maua yaliyopasuliwa yametapakaa.

"Haya. Na huo mchunga wangu, unauchambua au unaudurusu?"