Daftari langu la vitabu nilivyosoma, na kwa nini faharasa ndiyo kazi yenyewe

Natumia kaunta buku ya kwaya mbili, kurasa 192. Hapa Tabora haikosi katika duka la vifaa vya shule, na jalada lake gumu linavumilia. Kabla ya kuandika chochote nilihesabu kurasa 30 kutoka nyuma, nikazitenga kwa faharasa. Zilizobaki nazitumia mbili mbili: kushoto taarifa za kitabu, kulia maelezo yangu. Kila kitabu kinapewa mistari mitatu. Daftari langu lina mistari 30 kwa ukurasa, kwa hiyo linabeba vitabu kama 800.

Upande wa kushoto kuna namba, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka na toleo, idadi ya kurasa, na kilikotoka. Najaza siku ninayoanza kusoma. Ukisubiri umalize, kitabu cha kuazima kinaweza kuwa kimeshachukuliwa na mwenyewe, na mwaka huna pa kuupata tena.

Mwaka hutafutwa nyuma ya ukurasa wenye jina la kitabu. Hapo wengi hukosea. Orodha ya miaka ya kupigwa chapa tena kwa kawaida haina athari, kurasa zinabaki zilezile. Toleo la pili ni jambo jingine: maandishi yanaweza kupangwa upya, na nukuu niliyoiandika uk. 47 ikahamia uk. 61. Ndiyo maana namba ya ukurasa bila toleo hainisaidii. Nakala ya kivuli mara nyingi haina ukurasa huo kabisa. Naandika "kivuli", kisha nahesabu kurasa zilizopo.

Kulia naandika sentensi mbili tu: kitabu kinahusu nini, na jambo moja nitakalolirudia, pamoja na ukurasa wake. Nisichokimaliza nakiandika pia, "nimeishia uk. 84", na sababu. Nikirudia kitabu, kinapata namba mpya, na pembeni naweka ya zamani.

Sasa faharasa. Naumia nikiona mtu ana daftari zuri la miaka mingi lakini akitaka kitabu kimoja inabidi afunue kurasa zote. Naigawa kwa herufi ya jina la mwisho la mwandishi. Usizigawie herufi kurasa sawa. Majina yetu yanajaa M na K, hivyo M ina kurasa nne, K tatu, na Q na X zinakaa pamoja na herufi jirani. Jina moja halitoshi kamwe. Wako waandishi wawili wa Zanzibar, Said Ahmed Mohamed na Mohamed Suleiman Mohamed; ukiandika "Mohamed" tu umewachanganya. Kwangu inasomeka hivi, namba zikiwa za vitabu, si za kurasa:

Mohamed, M. S.: 17, 103
Mohamed, S. A.: 41, 88, 130

Kitabu kikiwa changu, namba yake naiandika kwa penseli ndani ya jalada la nyuma. Cha maktaba sikigusi. Ninachomwazima mtu, jina lake na tarehe vinaingia mstari wa tatu, na nakata mstari kikirudi.

Kwa kalamu, peni ya kawaida inatosha. Ya jeli husambaa ikipata maji, na masika bati likivuja usiku ukurasa mzima unageuka doa. Adui mkubwa zaidi ni mchwa: hupanda kutoka sakafuni kupitia ukutani, hula katikati ya karatasi na kuliacha jalada zima, usijue mpaka ufungue. Sanduku langu limekaa juu ya matofali, mbali kidogo na ukuta, na kila wiki nachungulia chini yake kama kuna njia ya udongo. Mwisho wa mwezi napiga picha kwa simu kurasa mpya, lakini faharasa naipiga yote upya, maana yenyewe hubadilika kila mahali.