Deki ya CD ya diski moja, siku ya 23: imesoma asubuhi

Leo saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, baridi ya Julai bado imeganda kwenye vioo vya dirisha, nimebonyeza kitufe, droo imeingia, diski ikazunguka, na kioo cha deki kikaandika nyimbo 14, dakika 62. Nikaitoa diski, nikairudisha. Nyimbo 14, dakika 62. Nimerudia mara kumi na mbili, na mara zote kumi na mbili imesoma. Kwa wiki tatu nzima, saa kama hii nilikuwa naambulia maneno mawili tu: NO DISC, yaani hakuna diski. Ikifika saa nne, jua likishawaka juu ya Moshi, deki ileile na diski ileile zinaimba kama hakuna kilichotokea.

Naandika sasa hivi, kabla mfuatano haujanichanganyika.

Kwanza niseme kwa nini nilichagua deki hii, maana wapo walionishauri nichukue ile ya diski tano. Sikuitaka. Ya diski tano ina mikanda, gia na meza ya kuzungusha, na kila kimoja kinasubiri siku yake ya kuharibika. Mimi nasikiliza diski moja, naimaliza, nainuka, naweka nyingine. Deki za DVD nilizifikiria kwa uzito zaidi, kwa sababu ni rahisi kupata, zinasoma karibu chochote, na baadhi zina tundu la kutolea sauti ya kidijitali. Lakini nyingi zinataka uwashe televisheni ndipo ujue uko wimbo wa ngapi, na mimi sebuleni nataka muziki tu, taa zimezimwa. Deki mpya kabisa za diski moja bado zinatengenezwa, Marantz wanazo, Yamaha wanazo, Rotel pia. Nikijumlisha bei, usafiri na ushuru, mfuko wangu ulikataa.

Zikabaki za mtumba. Za Japani ni nzuri mno kwa macho, ila nyingi ni za volti 100. Muuzaji mmoja alinihakikishia kuwa transfoma ya kushusha umeme inamaliza kila kitu. Haimalizi. Transfoma nyingi zinazouzwa hapa zinagawa kwa mbili tu, kwa ajili ya vifaa vya Marekani. Kwangu Majengo mita yangu imewahi kuonyesha 240 saa nane usiku. Gawa kwa mbili, unapata 120, na mashine ilitengenezwa ipokee 100. Hiyo ni asilimia 20 ya ziada usiku kucha, na joto lake lote linaishia ndani ya deki. Nikachukua ya soko la Ulaya, volti 220 hadi 240, kwa shilingi 65,000. Ni ya mwishoni mwa miaka ya 1990, na leza yake, lile jicho linalosoma diski, ni KSS-213. Hiyo namba ndiyo iliyonifanya nitoe hela, kwa sababu kipuri chake bado kinapatikana. Wenzangu wengi wanachagua deki kwa chipu ya kubadili namba kuwa sauti, na TDA1541A inagombaniwa kama kiwanja cha barabarani. Mimi nauliza kwanza kama mashine itaisoma diski. Chipu nzuri haina cha kubadili ikiwa diski haijasomwa.

Jambo la pili lililoniongoza ni CD zenyewe. Zaidi ya nusu ya sanduku langu ni kwaya, na CD za kwaya zetu ni za kuchomwa: studio inachoma, inabandika karatasi ya rangi juu, zinauzwa nje ya kanisa baada ya ibada. Diski ya kuchomwa hurudisha mwanga kidogo kuliko ya kiwandani, na ile karatasi ikibandikwa upande huivuta diski iyumbe. Deki isiyosoma hizo haina kazi nyumbani kwangu.

Sasa tuje kwenye lile tatizo.

Fundi wa kwanza hakuifungua hata kofia, kile kifuniko cha juu cha deki. "Mama, leza imechoka."

"Umeipima?"

"Haina haja ya kupima, mama. NO DISC ni leza."

Akataka kuikaza ile skrubu ndogo ya kuongeza nguvu ya leza. Nilimkatalia na nikaibeba deki yangu nyumbani. Hili linaniuma kila nikilisikia. Ukiongeza mkondo kwenye leza iliyochoka, itasoma wiki mbili au miezi miwili, kisha inakufa moja kwa moja. Na kama haikuwa imechoka, umeichosha wewe. Tunazika deki nzima kwa robo mzunguko wa bisibisi.

Hata hivyo neno lake lilinikaa, nikanunua leza mpya kwa 25,000. Nimeifunga jioni, nimewasha, kimya. Hata diski haikuzunguka. Nililala na hasira. Usiku wa manane nikakumbuka lile tone la lehemu. Leza hizi huja zikiwa na tone dogo linalounganisha nukta mbili pembeni, kuzuia umeme tuli wa vidole usiiue leza ikiwa safarini, na ukishachomeka utepe wake wa waya lazima ulitoe. Niliamka, nikawasha chuma cha lehemu, nikalifuta kwa waya wa kunyonyea lehemu. Kesho yake saa tano ikasoma mara ya kwanza. Nikashangilia. Keshokutwa yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi: NO DISC.

Leza mbili, ugonjwa mmoja, saa ileile. Hapo nikajua leza haina hatia.

Nikadhani ni umande. Deki ilikuwa imekaa Kibosho kwa mwezi kabla ya kuja kwangu, na kule ubaridi wa mlimani unaacha maji kwenye kila kioo. Nikaiacha imewashwa usiku kucha ili joto lake lenyewe likaushe lenzi. Asubuhi ikasoma! Lakini jibu hilo halikunitosheleza, kwa sababu joto linakausha lenzi na pia linalainisha grisi, sasa nitajuaje ni lipi kati ya hayo? Nikasafisha reli za leza, nikaondoa grisi iliyokuwa imegeuka gundi ya rangi ya asali, nikaweka mpya kidogo. Leza ikawa inateleza kwa kidole bila kukwama. Usiku huo nikaizima. Asubuhi: NO DISC.

Siku tano zilizofuata sina cha kuandika isipokuwa uchungu. Nilibadili utepe. Nilipitia lehemu zote za bodi kwa lenzi ya kukuzia. Nilipima volti za umeme unaolisha bodi, ziko sawa, deki ikiwa baridi na ikiwa na joto. Nilikuwa nakwenda kazini nikiwa na NO DISC kichwani.

Jumapili asubuhi, kofia ikiwa wazi, diski ilipoanza kujikongoja nikaisukuma kwa ncha ya kidole ukingoni, kama mtu anayemsaidia mtoto kwenye bembea. Ikasoma papo hapo. Nikazima, nikawasha bila kusukuma: NO DISC. Nikasukuma: nyimbo 14. Kumbe ni mota inayozungusha diski!

Na sababu iko wazi ukiitazama CD inavyosomwa. Leza inaanzia ndani kwenda nje, na orodha ya nyimbo iko mwanzoni kabisa, karibu na tundu. Mwendo wa njia mbele ya leza lazima ubaki uleule, kati ya mita 1.2 na 1.4 kwa sekunde, kwa hiyo ndani diski inazunguka karibu mara 500 kwa dakika, na kule ukingoni karibu mara 200. Maana yake mota inadaiwa kasi kubwa kuliko zote sekunde ileile ya kwanza, ikiwa bado baridi. Ikishindwa hapo, orodha haipatikani, na deki inaamua hakuna diski. Ingefanikiwa kuanza, ingecheza mpaka wimbo wa mwisho bila shida, kwa sababu kadiri inavyosonga mbele kazi inapungua.

Nilitaka kuiona kwa macho. Nikachora nukta nene kwa kalamu ya wino juu ya diski karibu na ukingo, nikasimamisha simu juu ya deki, nikarekodi kwa picha 240 kwa sekunde. (Simu ndiyo itazame, si jicho lako. Mwanga wa leza ya CD ni wa nanomita 780, karibu hauonekani, na jicho halitakuonya.) Halafu nikahesabu picha moja baada ya nyingine mpaka nukta irudi ilipoanzia. Saa saba mchana: picha 29. Nikapiga hesabu kwenye karatasi, 240 gawa kwa 29 mara 60, mizunguko 497 kwa dakika. Mahali pake kabisa. Wimbo wa 14: picha 65, mizunguko 221 hivi. Asubuhi ya baridi: picha 41, halafu 38, halafu 44, halafu 40, halafu inakata tamaa. Haifiki hata 400, na haitulii. Nimekaa na karatasi ile mezani mpaka chai ikapoa. Wiki tatu za kubahatisha, na jibu lilikuwa kwenye simu niliyokuwa nayo mfukoni.

Nikatoa waya za mota, nikaweka mita kwenye miguu yake miwili na kuizungusha polepole kwa mkono. Omu 11, 12, 11, halafu 70, halafu 11, halafu mita inapotea kabisa. Mota nzima ingebaki karibu na namba moja; hapa brashi za ndani, zinazopeleka umeme kwenye koili inayozunguka, zimekwisha.

Mota yenyewe ni ya aina ya RF-300, ileile iliyojaa kwenye deki za DVD zilizokufa. Nimeipata kwenye rundo la fundi mwingine kwa 5,000, ikiwa na deki yake nzima. Kuipata ni rahisi. Kazi iko kwenye kile kisahani cha plastiki ambacho diski inakalia. Kimebanwa kwenye ekseli kwa nguvu, hakina skrubu, na kimo chake ndicho umbali wa diski na lenzi. Kabla sijakigusa nilipima kwa kalipa, kifaa cha kupimia milimita, kutoka bati la mota hadi juu ya kisahani, sehemu tatu, nikaandika ukutani kwa penseli. Kisha nikakichomoa kwa kukiinua pande mbili sawasawa, kidogo kidogo, kisipasuke.

Mara ya kwanza nilikibandika juu kuliko kipimo kwa nusu milimita kasoro. Ilisoma, lakini lenzi ilikuwa inapanda na kushuka ikitafuta, tsi-tsi-tsi, na diski ya kwaya yenye karatasi ikaruka wimbo wa pili. Nikakichomoa tena. Mara hii nikakata vipande vya kadi ya zamani ya vocha, nikavipanga chini ya kisahani mpaka kimo kikawa sawa na penseli ya ukutani, nikakisukuma hadi kikagota, nikavitoa vipande. Kalipa ikasema sawa sehemu zote tatu. Hiyo ilikuwa jana saa nne usiku. Nikazima kila kitu, nikafungua dirisha makusudi baridi iingie, nikalala.

Asubuhi: picha 29. 29. 29. 30. 29.

Kuhusu vifaa. Kalipa ya kidijitali, hata ya bei ndogo, nunueni kabla ya chuma kizuri cha lehemu. Bisibisi yenye sumaku isikaribie lenzi, kuna sumaku mbili pale na itazirukia, nimeona lenzi ikichanika waya wake mwembamba kama unywele. Spiriti ya zambarau ya dukani isipakwe kwenye lenzi, inaacha utando, tafuteni isopropili safi kwa mafundi simu. Na zile CD za kusafishia zenye vibrashi siziamini hata kidogo.

Nilikuwa nimepanga wiki hii nibadili kapasita za kutolea sauti. Ziko kwenye droo, nimezilipia, na sasa sina hamu nazo. Kinachonikosesha usingizi ni kile kipimo cha nukta na simu. Mwenyekiti wa kwaya yetu amesikia, anataka deki ya diski moja ya kuchezea mazoezi, na mtu akinunua ya mtumba anajaribu saa sita mchana, kwenye kibanda cha bati, mashine imeshacheza tangu asubuhi. Hapo kila mota ni nzima. Nimemwambia tutakwenda wote sokoni Kiborloni Jumamosi, na tutawahi kabla muuzaji hajawasha chochote. Nabeba CD moja ya kiwandani na moja ya kwaya yenye karatasi juu, zote zimechorwa nukta, bisibisi ya nyota ya kufungulia kofia, na simu imechajiwa. Nitahesabu hapohapo mezani kwake. Ikizidi picha 32, tunahamia meza inayofuata.